Kila Saa Tisa Mtandao Ulikatika

Sehemu ya saba

Jumapili mlinisimamisha nje ya kanisa kuniuliza kama Christella yu hai. Yu hai. Nawajibu mapema ili msome kwa utulivu, maana mimi mwenyewe huo utulivu sina.

Kwa aliyeanza leo nieleze kidogo. Mimi ni Jovina, mjane wa marehemu Nkusi. Nilizaliwa Bukoba, nikaolewa na Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, akanileta Kigali, tukajenga hapa Kabeza. Mungu alimchukua mume wangu, akaniachia nyumba na mtoto mmoja, Manzi, dereva wa ofisi moja kule Kimihurura. Manzi anakaa nyumba ndogo ya uani na mke wake Christella na binti yao mdogo, Shami.

Niliwaambia jinsi Christella alivyovunjika jino akasema ameteleza bafuni. Nikawaambia na ile bendeji ya mkononi, akasema ameumizwa na ndoo. Na jinsi Manzi alivyomchukua Shami ghafla akampeleka Gahanga kwa shangazi yake, eti abadilishe hewa.

Na habari ya mtandao niliwaambia.

Saa tisa alasiri, sisi kina mama wa Huruma ya Mungu tunasali pamoja kwenye kompyuta. Wengine wako Kigali, wengine Bukoba, mmoja Mwanza. Kiongozi ni mimi. Kwenye simu sioni vizuri, ndiyo maana natumia kompyuta ya mezani aliyoiacha marehemu, yenye kioo kikubwa na spika. Basi nikifika katikati ya rozari, pa! Sura za wenzangu zinaganda, midomo wazi, kisha zinapotea. Nasali peke yangu mpaka namaliza. Baadaye mtandao unarudi wenyewe kama mtu aliyetoka kununua chumvi.

Wenzangu wakasema ni shetani. Anyango, Mkenya wa kikundi chetu, akasema shetani hana haja na kompyuta, hiyo ni kazi ya fundi. Akaniletea fundi.

Tuliishia fundi akigonga geti.

Alikuwa kijana mrefu, mpole, mkoba mgongoni. Lusekelo, mtu wa Mbeya, anafanya kazi za kompyuta hapa mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Chai tu, baada ya kazi."

Akaingia chini ya meza. Nikasikia anacheka humo humo.

"Mama, kompyuta yako inanasa waifai kwa hiki kidude cha nyuma. Kimebanwa kati ya ukuta na nondo za dirisha. Kitasikia nini hapo?"

"Kwa hiyo ni kiziwi?"

"Siyo kiziwi. Kimezibwa masikio."

Akakichomoa, akakiunga na waya mfupi, akakisimamisha juu ya meza, karibu na picha ya Yesu wa Huruma. Kisha akakaa kwenye kiti, akafungua mambo yake kwenye kioo.

"Na hapa kuna lingine. Kompyuta imeagizwa iokoe umeme. Ikiona kidude kimetulia, inakizima. Wewe ukifumba macho kusali, yenyewe inadhani umelala."

"Mimi sijawahi kulala kwenye sala."

"Ndiyo ninavyoiambia." Akabonyeza. "Haya. Nimeiweka pia ijiunge yenyewe. Mtandao ukikatika ukirudi, itaingia kwenye sala yenu bila wewe kugusa kitu. Ruta, ile inayorusha waifai, iko wapi?"

"Uani kwa mwanangu. Waya wa mtandao ulifikia kule."

"Imewekwaje?"

"Vizuri sana. Iko ndani ya kabati la vioo, imefungiwa. Na kitambaa nimeifumia mwenyewe."

Akaniangalia. "Umeifunika?"

"Vumbi la Kabeza unalijua? Na Shami alikuwa akivuta nyaya. Nikamwambia Manzi, funga kabati, ufunguo ukae kwako."

"Mama, ruta siyo bibi harusi. Inataka hewa."

Tukacheka mpaka nikashika ubavu. Kicheko hicho nakikumbuka. Sijacheka kingine mpaka leo.

Tukajaribu mtandao. Loo! Sura za wenzangu zikatokea safi kama zimeoshwa. Anyango akapiga kelele kwenye spika.

"Mama Manzi! Leo unaonekana mpaka mikunjo!"

"Mikunjo ni neema, Anyango. Fumba macho tusali."

Lusekelo akakaa pembeni na chai yake. Nikaanza. Nilikuwa bado kwenye Nasadiki niliposikia gari la Manzi likiingia. Bosi wake akiwa mkutanoni, yeye hurudi nyumbani kula. Mlango wa uani ukafungwa. Halafu ikaanza kwaya kwenye redio yao, sauti juu, mpaka mabati yakatetemeka.

Hapa wasomaji wangu naomba mnivumilie. Siku zote za nyuma, kila nilipoisikia kwaya ile, nilikuwa namshukuru Mungu. Manzi hakuwa mtu wa kanisa. Nikasema mtoto ameguswa. Mama anasali huku, naye anasali kule, saa ile ile. Niliwatangazia hata wenzangu. Walipiga vigelegele.

Pa!

Anyango akaganda, mdomo wazi. Akapotea. Wote wakapotea.

"Umeona?" nikamwambia fundi. "Huyo hapo shetani wenu."

Lusekelo akaweka kikombe chini, akasogea kwenye kioo.

"Hapana, mama. Tazama. Mawimbi yakiwa hafifu, jina la waifai yako linabaki hapa, ila linanyong'onyea. Sasa halipo kabisa. La jirani lipo. La dukani lipo. La kwako limefutika."

"Maana yake?"

"Ruta imezimwa. Mtu ameichomoa."

"Ufunguo wa kabati anao Manzi peke yake."

"Basi ni yeye."

"Azime kwa nini? Si yuko kwenye sala?"

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nami nikasikiliza. Chini ya ile kwaya kulikuwa na sauti nyingine, kama mtu anayekung'uta godoro. Pu. Pu. Pu.

Nimekung'uta magodoro mengi maishani. Godoro halilii.

Tulitoka bila kuambizana. Lusekelo akanitangulia uani, akagonga. Kwaya ikaendelea. Akagonga kwa ngumi. Mlango ukafunguka kidogo, Manzi akasimama katikati. Fulana imelowa jasho. Mkanda wa suruali ameuzungusha mkononi, bizimu la chuma linaning'inia.

"Mama. Kuna nini?"

"Mtandao umekatika."

"Umeme umekatika huku kwetu."

Alisema hivyo, uso mkavu, na nyuma yake redio inaimba. Redio ile niliinunua mimi. Haili betri. Ni ya waya tu.

Lusekelo naye aliona. "Kaka, na redio inaimbaje?"

Manzi akamgeukia taratibu. "Wewe ni nani, sha, wewe kijana?"

"Fundi wa mtandao."

"Kazi yako imeisha. Toka kwangu."

"Nilitaka tu kuiangalia ruta, dakika mo..."

Mkanda ulimkata usoni kabla hajamaliza. Bizimu likampasua juu ya nyusi. Akashika uso, akarudi nyuma, akasema, "Kaka, subiri," kwa sauti ile ile ya upole. Manzi akainama, akaokota jiwe tunalozuilia mlango, akampiga nalo kichwani.

Lusekelo aliketi kwenye ngazi kama mtu aliyechoka. Halafu akalala. Damu ikatafuta njia yake, ikashuka kidaraja kimoja, ikashuka kingine.

Mimi ni mfupi. Nilipita chini ya mkono wa mwanangu nikaingia ndani.

Christella alikuwa sakafuni, kati ya kochi na kabati. Kitenge kimechanika. Jicho moja limefumba, la pili linanitazama. Mkononi ameshika simu yake kama mtu anayeshika mkono wa mwenzake.

"Mama, usiingie," akasema. "Mama, toka. Ataua na wewe."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Anazimaga hiyo kitu ndiyo nisiite mtu. Laini yangu alivunja. Iko tu waifai. Akizima, sina mtu."

Ndipo nikaelewa. Kila saa tisa niliyokaa nikiilaumu mashine. Kila kwaya niliyoipigia vigelegele.

"Mukecuru," Manzi akasema nyuma yangu, "rudi kwenye rozari yako."

Mukecuru ni kikongwe. Mwanangu hajawahi kuniita hivyo, hata kwa utani.

"Manzi, haya umeyatoa wapi? Baba yako hakuwahi kuninyooshea hata kidole."

"Baba alikuwa mjinga. Alitawaliwa na Mhaya. Mimi sitawaliwi." Akampiga Christella teke la mbavu, na teke lenyewe alilipiga huku ananiangalia mimi, kama mtoto anayevunja sahani ili aone utafanya nini. "Kila siku anamlilia dada yake kwenye simu. Manzi hivi, Manzi vile. Mimi nasemwa mpaka Butare!"

"Mwache."

"Mke ni wangu, mama."

"Na nyumba ni yangu. Mwache."

Akacheka. Akamshika Christella nywele, akamwinua nusu, akambamiza kwenye ubao wa kochi. Nikasikia jino likikatika. Nikatafuta kitu cha kushika. Mlangoni mwa jiko palikuwa na kinu cha kutwangia isombe, majani ya muhogo, na mchi wake umesimama ndani.

Nikautwaa ule mchi.

Sikumpiga yeye. Bado. Christella alikuwa amenyoosha mkono, na mkono ule haukunielekea mimi wala haukuelekea mlangoni. Ulielekea kabatini. Nikamtii. Nikalipiga kabati la vioo kwa nguvu zangu zote.

Vioo vilimwagika kama mvua ya mawe. Kitambaa changu cha kufuma kikajaa vipande. Nikaingiza mkono humo humo, nikachanika, nikaupata waya, nikauchomeka. Taa ya ruta ikawaka nyekundu.

"Mama, una wazimu?" Manzi akaniruka. Alinisukuma nikagonga ukuta, nikaona nyota. Lakini ili anisukume mimi ilibidi amwachie mkewe, na Christella hakungoja aambiwe. Alitoka mlangoni kwa magoti na mikono, akamruka Lusekelo, akasimama, akakimbilia nyumba kubwa.

Manzi akamfuata.

Mimi nikabaki nikitazama ile taa. Nyekundu. Nyekundu. Kijani.

Nikawafuata na mchi wangu.

Alimkamata sebuleni kwangu, mbele ya kompyuta. Akamlaza mgongo juu ya meza. Kibodi ikaanguka, kikombe cha fundi kikaanguka, Yesu wa Huruma akaanguka kifudifudi. Mikono yote miwili ya mwanangu ilikuwa shingoni mwa mke wake.

Hapo mashine ikasema.

"Manzi! Manzi, tunakuona!"

Ilikuwa sauti ya Anyango. Lusekelo alikuwa ameahidi itajiunga yenyewe, na ilijiunga. Sura zote zimerudi. Mama wa Mwanza ameshika mdomo. Mmoja wa Bukoba anapiga yowe, "Yesu wangu, anamuua! Anamuua mtoto wa watu!"

Manzi akainua uso, akaitazama kamera. Safari hii aliyeganda alikuwa yeye.

Haikuchukua muda. Akatabasamu.

"Oneni basi. Mko Bukoba. Mtafanya nini, mtanimwagia maji ya baraka?"

"Mimi niko Kigali!" Anyango akafoka. "Na polisi nimeshawapigia, mshenzi wewe!"

Manzi akainama, mdomo kwenye sikio la Christella. Aliongea chini, lakini mimi nilikuwa nimefika mgongoni kwake, na nilisikia.

"Wakija, utasema si mimi. Shami yuko Gahanga, na ninajua nitampeleka wapi tokea hapo. Ukinitaja, mtoto humwoni tena. Umesikia?"

Uso wa Christella ulikuwa umegeuka rangi. Miguu yake ilikuwa ikikwaruza sakafu, na kukwaruza kwenyewe kulikuwa kunapungua.

Nikampiga mwanangu.

Nilimpiga begani kwanza. Akageuka na mkono juu, nikampiga mkono. Mfupa ulitoa sauti, na yeye akatoa sauti, akamwachia mkewe, akaanguka magoti. Nikampiga mgongoni. Akalala. Nikampiga alipolala.

"Mama Manzi, basi!" Anyango alikuwa akiita. "Jovina! Inatosha! Utamuua!"

Niliisikia sauti yake vizuri kabisa, mtandao ulikuwa safi. Lakini mimi sikuona kama inatosha. Nilikuwa nahesabu pigo moja kwa kila kwaya. Kwa padri nitalipeleka jambo hili kama dhambi, naye atanipa kitubio changu. Kwenu naliandika tu lilivyokuwa. Sikulia.

Aliyenizuia ni Christella. Alikuwa chini ya meza, anakohoa, na alinishika mguu.

Majirani wakaingia. Wawili wakambeba Lusekelo kwenye gari kumkimbiza kituo cha afya, kichwa kimefungwa na shuka langu, maneno yake hayaeleweki. Wengine wakajaa mlangoni. Baada yao akaja Mzee Niyonzima, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, na askari wawili.

Jioneeni walichokiona. Kijana wa watu yuko sakafuni, mkono umepinda, analia. Mke wake amevimba uso. Na mjane amesimama katikati na mchi, mchi una damu, mikono yake ina damu mpaka viwikoni.

"Mama Manzi," Mzee Niyonzima akasema polepole, kama anaongea na ng'ombe mkali, "weka chini hiyo mti. Ihangane, vumilia. Weka chini."

Nikauweka.

"Nani amefanya haya?" askari mkubwa akauliza.

Manzi hakunipa nafasi. "Afande, mama yangu amechanganyikiwa. Tangu baba afe, kichwa chake hakijatulia. Anasema kuna shetani ndani ya kompyuta, waulizeni hata majirani, amewaambia wote! Ametupiga sisi, amempiga fundi, amevunja kabati langu. Hawa wamesikia vioo!"

Majirani wakaangaliana. Vioo walikuwa wamevisikia. Na habari ya shetani, kweli, nilikuwa nimewaambia.

"Ni uongo," nikasema. "Mwulizeni mke wake."

Nilisema hivyo bila hofu hata kidogo. Nilimtazama Christella nikamtikisia kichwa, kama unavyomtia moyo mtoto anayesoma kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Askari akachuchumaa karibu naye. "Madamu, usiogope. Nani alikupiga?"

Christella akanitazama mimi. Akamtazama Manzi. Manzi aliacha kulia. Alitamka neno moja tu, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kununua mkate.

"Gahanga."

"Nimekuuliza, madamu. Nani?"

"Ni mama," Christella akasema.

"Mama gani?"

"Mabukwe. Mama mkwe. Ananipigaga na hiyo mchi."

Watu wakaguna. Nikamsogelea.

"Christella. Mwanangu. Niangalie."

Hakuniangalia. Machozi yalikuwa yakidondoka kwenye kitenge. "Yego, ndiyo, afande. Ni yeye. Siku zote ni yeye."

Mzee Niyonzima akavua kofia. "Mama Manzi, wewe? Wewe wa rozari?"

Ndipo nikakumbuka. Moyo ukarudi mahali pake. Nikaidharau hata hofu yangu.

"Afande," nikasema, "usinisikilize mimi, wala hawa. Geuka nyuma yako. Waulize wale."

Askari akageuka. Sura zote zile zilikuwa pale kwenye kioo, zinamtazama. Zikaanza kusema zote kwa pamoja, Kiswahili, Kihaya, kilio, na Salamu Maria katikati.

"Hawa ni nani?" akauliza.

"Ni Huruma ya Mungu," nikasema.

"Wameona?"

"Wameona kila kitu. Mtandao ulirudi, wakaona."

Manzi akabadilika rangi. Jamani, niliona kwa macho yangu tabasamu lile linavyoyeyuka. Askari wa pili akamwinua kwa fulana, akamsimamisha ukutani, akamshikilia hapo.

Askari mkubwa akavuta kiti changu, akakaa mbele ya kompyuta, akashika kipaza sauti kama mtu anayeingia redioni. "Mmoja mmoja, kina mama! Mmoja mmoja! Wewe, mwenye kitambaa chekundu."

Huyo alikuwa Anyango.

Nyuma yangu Christella akasema kwa sauti ndogo kwamba anaomba akanawe uso kwenye bomba la uani. Mzee Niyonzima akampisha njia. Hakuna aliyemtazama. Hata mimi, ninayejisifu kwa kutazama, sikumtazama. Nilikuwa nakodolea kioo.

"Jina langu ni Anyango," mwenzangu akasema. Alijikaza, akafuta machozi, akaongea kama yuko mbele ya hakimu. "Naishi hapa Kigali. Mtandao ulikatika tukiwa kwenye sala. Ulipoingia tena, nikaona kwa macho yangu mawili. Aliyekuwa anamnyonga huyo msichana, afande, ni..."

Akaganda.

Mdomo wazi, kidole juu. Kisha akapotea. Wote wakapotea.

"Ni nani?" askari akakiuliza kioo. Akakigonga na kucha. "Haloo? Ni nani?" Akanigeukia. "Mama, mashine yako inakatikakatika?"

"Hapana," nikasema. "Imetengenezwa leo."

Nikamtafuta Manzi. Alikuwa pale pale ukutani, amebanwa na askari, mkono wake usiovunjika uko mgongoni. Naye alikuwa ameshangaa kama mimi. Hakuwa yeye.

Na kabati nilikuwa nimelivunja mwenyewe. Halikuhitaji ufunguo tena. Sasa mtu yeyote angeweza kuufikia ule waya.

Nikasogea dirishani.

Christella alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ya uani, miguu mitupu juu ya vioo. Ameikumbatia ruta kifuani, imefunikwa na kile kitambaa changu, anaitikisa polepole kama anabembeleza mtoto alale. Waya unaburutika chini. Aliniona. Midomo yake iliyopasuka ikatamka jina bila sauti, na nilijua ni la Shami.

Nyuma yangu kulikuwa na mlio wa pingu, na Manzi akaanza kulia upya, kwa sauti ya mtoto mdogo kabisa.

"Mama," askari akasema, "lete mikono."